Mwambie Mama Yako Asije

Juzi mwanangu alikuwa jikoni akipitisha jani la mgomba juu ya moto wa gesi ili lilainike, apate kufungia samaki kama alivyoona watu wakifanya kwenye simu. Mimi nilikuwa sebuleni nachambua mchele. Ile harufu iliponifikia, ya jani bichi linaloanza kuungua pembeni, mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Mwanangu aliuliza kama nimepatwa na kizunguzungu. Nikamwambia hapana, ni babu yangu tu. Akacheka, maana babu yangu alifariki yeye akiwa bado hajazaliwa.

Tulikaa chini kidogo ya misheni, kwenye miteremko ya Rungwe, mahali ambapo mvua haiombwi. Nyumba yetu ilikuwa juu, ya Babu chini, na katikati palikuwa na migomba minene. Baba alifanya kazi Kiwira kwenye mgodi wa makaa ya mawe, akarudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na weusi kwenye mikunjo ya macho. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Babu alikaa na Shangazi, dada mdogo wa Baba, ambaye ndiye aliyemfulia na kumtandikia. Mama ndiye aliyempikia. Chakula kilitoka kwa Mama asubuhi na jioni, nami nikakibeba nikishuka kijia cha katikati ya migomba hadi mlangoni kwa Babu, kwa sababu Mama mwenyewe hakuruhusiwa kufika.

Ninyi mliokua upande ule mnajua ninachosema, na ambao hamkukulia huko mtanivumilia. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Haingii nyumba yake, haketi naye, hatamki jina lake wala neno linalofanana na jina lake. Akimwona anakuja njiani anaacha njia, anachuchumaa kwenye majani, anajifunika kitenge mpaka apite. Na mkwe naye anageuza uso. Wamisheni wa zamani walihubiri kwamba jambo hilo liachwe, wazee wakaitikia amina, wakaenda nyumbani wakaendelea nalo. Kwetu palikuwa na njia mbili za kwenda mtoni, moja ya Babu na nyingine ya Mama, na mpaka naanza shule niliamini kwamba kila mji duniani una njia mbili za kwenda mtoni.

Kijiji kilipokuwa kijiji cha Ujamaa, tulitangaziwa kwamba sasa wote ni ndugu na wote ni sawa, na mikutano ikawa ya lazima. Mama alihudhuria yote, ila alihudhuria akiwa nje, ameketi kwenye majani chini ya dirisha la darasa, kwa sababu Babu alikuwa ndani. Siku moja katibu aliyetoka Tukuyu mjini alimwona akamfokea aingie, huu si wakati wa mambo ya kale. Mama akavuta kitenge kichwani. Balozi wetu wa nyumba kumi alimnong'oneza katibu maneno mawili matatu, na katibu, ambaye naye alikuwa Mnyakyusa na alikuwa na mke kwake, akarudi kwenye ajenda.

Hakuna aliyenieleza sababu, na mimi sikuuliza. Nilijipatia sababu yangu kutoka shule ya Jumapili. Mwinjilisti wetu alikuwa ametufundisha habari ya pazia la hekalu, kwamba nyuma yake palikuwa mahali ambapo mtu haingii akabaki hai. Akatufundisha pia habari ya yule mtu aliyenyoosha mkono kulishika sanduku la Mungu lisianguke, akafa palepale. Habari hiyo ilinitesa kwa siku nyingi, kwa sababu yule mtu alikuwa anasaidia. Basi nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka ile, kwamba Babu ni wa namna hiyo. Mimi na Shangazi tulikuwa damu yake, hakutudhuru. Lakini Mama akimtazama, au akimgusa, atakufa. Nilimwogopea Mama kila Babu alipopita karibu, na nilimstahi sana Babu, kwamba anabeba kitu kikubwa hivyo na bado anakohoa na kunusa ugoro kama wazee wengine.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka kanisani kwetu ilikuwa na desturi yake. Kila jioni kengele ililia, watu wakapanda kilima kwenye ukungu na mvua, na mwinjilisti akasoma habari za mateso kwa mafungu, jambo la siku ile likasomwa siku ileile. Hakuhubiri sana. Alisoma tu, polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na watu walikaa wakisikiliza kama wanaopokea taarifa za mgonjwa wao. Mimi sikujua kwamba mambo yale yamekwisha. Nilidhani yanatokea huko mbali wiki ile, na kila mwaka nilitumaini kwamba safari hii Petro hatakana. Alhamisi aliposoma jinsi Bwana alivyovua vazi lake akajifunga kitambaa, akaosha miguu ya watu wake, nilimwona Mama ameinamisha kichwa mpaka kikagusa benchi la mbele; kanisani aliweza kuingia kwa sababu wanawake walikuwa na mlango wao na upande wao, naye alikaa nyuma kabisa, mbali na Babu.

Mwaka ninaousimulia, Babu alinyeshewa akitoka kwenye ibada ya Jumatatu. Jumatano alikuwa anakohoa kwa kushika ubavu. Alhamisi Shangazi akasema ni kichomi. Ijumaa Kuu asubuhi alikuwa anaweweseka, na mvua ilikuwa inanyesha ile mvua yetu ambayo huoni mgomba wa pili. Shangazi alimwacha amelala, akaenda mbio kanisani kutafuta wanaume wa kumbeba Babu kwa machela hadi hospitali. Wanaume wote walikuwa huko, wanawake wote, hata vizee wa kushikwa mikono. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa juu kanisani, na ibada ilikwenda mpaka saa tisa; masomo ya siku ile hayakatizwi, hivyo Shangazi alilazimika kungoja huko. Mama alibaki nyumbani kupika uji wa Babu. Nikatumwa kuupeleka.

Nilikuta kitanda kitupu. Nikatoka nyuma ya nyumba nikaita. Babu alikuwa kwenye migomba, ameanguka ndani ya mfereji wa kupitishia maji ya mvua, nusu ya mwili umo kwenye maji, ana koti lake la kanisani. Nilipomshika mkono aliniambia kwamba anakwenda ibadani, hajawahi kukosa Ijumaa Kuu. Nikavuta. Mkono ulikuwa unateleza kwa tope, nami nilikuwa na nguvu za kuvuta mbuzi tu. Nikapanda mbio kumwita Mama.

Mama alikuja mpaka pale njia yake ilipokuwa inaishia siku zote, akasimama. Aliita majirani kwa majina, mmoja mmoja, akielekea kila upande. Mvua ndiyo iliyomjibu. Kisha alijifunika kitenge kichwani mpaka usoni, akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume. Akanyoosha mkono nyuma nimwongoze. Nilimwongoza mama yangu kinyumenyume katikati ya migomba, katika utelezi ule, nikiwa nimeamini kabisa kwamba nampeleka kufa.

Babu alisikia nyayo. Akageuza uso wake upande wa shina la mgomba.

"Mwambie mama yako asije," aliniambia.

Kila mmoja alikuwa hatua moja tu kutoka kwa mwenzake. Nikageuka nikamwambia Mama, "Babu anasema usije."

"Mwambie hakuna mtu mwingine. Wote wako kanisani."

Nikamwambia Babu.

"Basi mwambie aniache hapa mpaka watoke."

"Mwambie babu yako ibada ya leo ni ndefu."

Haya yote yalisemwa kwa Kinyakyusa, kwa upole, kama watu wanaoulizana habari za nyumbani, na mimi katikati nikiyapokea na kuyafikisha huku maji ya mvua yakiniingia mdomoni. Mama alijaribu kumnyanyua akiwa bado amempa mgongo. Alipapasa nyuma kwa mikono, akashika koti, likamponyoka. Akashika tena. Babu alikuwa mrefu, wa mifupa mikubwa, na alikuwa anatetemeka vibaya. Kisha kutetemeka kukaacha. Nilimwita. Nikamwita tena nikimtikisa bega.

"Mama," nilisema, "Babu hajibu."

Mama akageuka. Alivua kitenge kichwani, akamtazama mkwe wake usoni, akashuka ndani ya mfereji mpaka maji yakamfika mapajani. Alimfunika kile kitenge, akampa mgongo, safari hii si kwa kujificha bali kwa kumbeba, akavuta mikono yake mirefu mabegani kwake na kusimama. Alimbeba Babu mgongoni kama tulivyobebwa sisi sote. Miguu ya Babu ilikuwa inaburuta nyuma yake kwenye tope. Mlangoni hakusita hata kidogo, aliinama akapita naye, na ile nyumba ambayo alikuwa ameilisha tangu kuolewa kwake, akaingia ndani yake kwa mara ya kwanza.

Alichochea moto. Alimvua lile koti zito la maji. Akanituma niteke maji, akayapasha, akamwosha tope kuanzia kichwani, akaja kifuani, akafika miguuni. Miguu ya Babu ilikuwa na nyufa za miaka mingi na udongo wetu mweusi ulikuwa umejaa humo, na Mama aliutoa ufa kwa ufa kwa ncha ya kitambaa, amepiga magoti sakafuni. Nilikuwa nimeyasikia jana yake kanisani. Sasa nilikuwa nayaona, na aliyekuwa anayafanya ni mama yangu mwenye nywele zilizolowa, na niliogopa na kufurahi kwa pamoja, furaha ambayo sijui niipe jina gani. Kisha alikata majani ya mgomba, akayapasha juu ya moto mpaka yakalegea, akamwekea kifuani na ubavuni, mapya kila yaliyotangulia yalipopoa.

Babu akafumbua macho. Mama hakugeuza uso. Sijui kama alisahau au aliona haina maana tena. Walitazamana.

"Nimekula chakula chako miaka yote hii," Babu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Sikuwa naijua sura ya anayenilisha."

"Ndaga, Tata," Mama akajibu. Asante, Baba. Ndilo neno la kwanza nililopata kumsikia akimwambia.

Wakati huohuo kengele ya kanisani ikalia. Ilikuwa saa tisa. Siku ya Ijumaa Kuu kengele yetu ilipigwa hivyo, pigo moja na kimya kirefu, pigo moja na kimya kirefu, kama inavyopigwa kutangaza msiba. Nilijua mara moja kwamba ni ya Mama. Amegusa, ametazama, ameingia nyuma ya pazia, na huko juu wamekwisha kujua. Nilimrukia nikamkumbatia shingo nikilia, nikingoja apoe mikononi mwangu. Mama alidhani namlilia Babu. Alinipapasa mgongo kwa mkono wenye tope akaniambia Babu atapona.

Shangazi aliingia na wanaume wa machela na wanawake wawili nyuma yao. Alipomwona Mama pale, amekaa kando ya kitanda, kichwa wazi, alisimama kama aliyegonga ukuta. Wanawake hawakuvuka kizingiti. Mmoja alipiga makofi mara moja, polepole, yale makofi ya kwetu ya kuona jambo lisilosemeka. Mama akainuka, akapita katikati yao akapanda kwake. Jioni dresa wa zahanati ya misheni alikuja akamchoma Babu sindano. Alisema kwamba mzee angekaa kwenye maji yale mpaka watu watoke ibadani, wangembeba kwenda makaburini, si hospitalini. Maneno hayo hayakusambaa. Lililosambaa ni lile jingine.

Jumamosi ndiyo siku ya kupalilia makaburi, ili Pasaka alfajiri yawe safi. Wanawake walikwenda na majembe yao kwa makundi wakizungumza, na Mama alipalilia mstari wake peke yake. Alipofika pembeni, waliokuwa pembeni walihamia kwingine. Mchana Baba alifika kutoka Kiwira, ameitwa kwa ajili ya baba yake, akakuta mashauri mawili yanamngoja. Mdogo wake Babu, ambaye sisi tulimwita Babu Mdogo, mzee wa kanisa na mjuzi wa mila kwa wakati mmoja, alikuwa amekwisha kuketi nyumbani kwa Babu. Nilimsikia Shangazi akimweleza Baba jambo lilivyo. Kama mkwe ndiye aliyeita, kosa ni lake, atachinja na litaisha. Kama mkamwana alikwenda mwenyewe, atarudi kwao, na watoto watabaki. Nilielewa hilo vizuri sana, halikuhitaji shule ya Jumapili.

Mama aliketi nje chini ya paa, uso ukutani, amejifunika. Mimi nilikaa mapajani pake. Tulimsikia Babu Mdogo akiuliza, na tulimsikia Babu akijibu kutoka kitandani.

"Nilimwita mimi."

Nilishtuka. Babu alikuwa mtu ambaye hakudanganya hata kwa utani, na nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu akimkataza, tena mimi ndiye niliyeyafikisha maneno yale. Nilimtazama Mama. Kitenge kilikuwa kinapanda na kushuka kwa pumzi zake. Kisha akasema, kwa sauti iliyopita ukuta, mbele ya mkwe wake na Babu Mdogo na mume wake:

"Hakuniita. Nilikwenda mwenyewe."

Babu akakohoa.

"Nilimwita. Hakusikia kwa sababu ya mvua."

"Mvua ilikuwepo," Mama alisema, "lakini hakuniita."

"Mimi ndiye mkubwa. Nasema nilimwita."

Nimesikia kesi nyingi maishani, za mashamba, za ndoa, za ofisini, na zote ni za watu wanaosukumiana kosa. Ile ni ya pekee niliyoisikia ya watu wawili wanaonyang'anyana kosa, kila mmoja analivuta kwake, mzee kutoka kitandani na mwanamke kutoka ukutani, na hawaonani. Hatimaye tulimsikia Babu Mdogo akisema kwamba jana amesikiliza habari ya Mmoja aliyechukua kosa lisilo lake, akadhani ameielewa. Sasa hana wa kumhukumu. Alitoka nje, na alipompita Mama alikuwa anafuta macho kwa kiganja, mzee yule mkali ambaye watoto tulimkimbia.

Alfajiri ya Pasaka tulisimama katikati ya makaburi kwenye ukungu, watu wote wa bonde lile, na tarumbeta zikapigwa kabla hatujaonana nyuso. Niliushika mkono wa Mama kwa mikono yangu yote miwili. Nilikuwa nimeyangoja mauti yake tangu Ijumaa, na mkono ulikuwa wa moto. Jua lilipotokeza juu ya milima ya mashariki na ukungu ukaanza kuondoka kwenye misalaba, watu wakaimba, na mimi nilielewa. Mama alikufa Ijumaa saa tisa, kengele ilisema kweli. Amefufuka tu, kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Nilishangaa kwamba hakuna mwingine aliyetambua. Nilikaa na siri hiyo miaka mingi, na hata leo, pamoja na yote niliyosoma, sioni kwamba nilikosea sana.

Jumatatu mbuzi wa Babu alichinjwa. Wanawake waliomkwepa Mama walikula, wakafuta midomo, na neno likaisha.

Babu alipona. Na alipopona, Mama alirudi kwenye njia yake ya mtoni, na Babu kwenye yake. Nililia kwa hasira. Nilimwuliza Mama kwa nini, wakati amekwisha kumwona. Alisema kumheshimu mtu si kwamba humjui. Sikumwelewa. Kila walipokutana alichuchumaa kwenye majani kama zamani, amejifunika mpaka chini, mpaka Babu aondoke.

Lakini mimi nilikuwa naona, kwa kuwa mtoto hajifuniki. Zamani Babu aligeuza uso akapita haraka. Sasa alifika mahali Mama alipoinama, akasimama. Alivua kofia yake. Hata kama mvua inanyesha alisimama pale kichwa wazi mbele ya lile furushi la kitenge kwenye majani, mzee mrefu, ameinama kidogo, hasemi neno. Kisha akavaa kofia akaendelea na safari yake. Alifanya hivyo mpaka alipofariki, na Mama hakuwahi kumwona.